Volkano Zako na Kisima cha Mama

Sokoni Matuu,
Kaunti ya Machakos.
Jumamosi, 10 Januari 2026.

Mpendwa ndugu yangu Maundu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini baridi ya Italia haijakumaliza, na kifua chako hakikusumbui na hayo majivu ya volkano unayoyavuta. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Wendy wangu amerudi shule, na mbuzi wawili wamezaa. Mama anakula vizuri, ila mkono wake wa kulia umevimba, na hiyo ndiyo sababu naandika. Simu zangu hushiki, na nikikutumia ujumbe unanijibu kwa picha ya mlima unaowaka.

Aliteleza Jumanne ya wiki iliyopita akitoka mtoni na mtungi wa lita ishirini. Mimi nilikuwa sokoni. Nimemkataza kuteka maji mara ngapi? Yeye hungoja tu nitoke. Ana miaka sabini na sita, Maundu. Mvua ya Novemba ilitudanganya siku tatu ikaenda zake, tangi limekauka, na mfereji wa Yatta hupita mbali na sisi.

Habari za visima unazijua. Cha kwanza, fundi Bartholomew aligonga mwamba mweusi kwa futi thelathini na mbili. Cha pili, ishirini na nane. Alipigana nao kwa mtaimbo na nyundo siku nane, mpaka akaketi chini akaanza kucheka. Ni wewe uliyenieleza kwamba uwanda wetu huu ni lava iliyotiririka zamani za kale, karibu kilomita mia tatu, na wataalamu wenzako wa mawe dunia nzima wanaujua. Ulifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Haya basi, anayeugonga ni mimi! Wewe unayatazama mawe yakiwa moto, mimi nayachimba yakiwa baridi.

Kosa langu ni kumwambia Mama maneno yako hayo. Tangu siku hiyo amekataa kisima cha tatu. Anasema hakuna mtu atatia jembe kwenye shamba lake mpaka mwanawe aje aonyeshe mahali. Nikisema hata mimi napajua mahali pazuri, ananitazama juu mpaka chini, ananiuliza nilisomea wapi.

Nawe mwaka jana ukaahidi kuja Juni. Etna ikalipuka, ukabaki. Ukasema Agosti, ukaenda Iceland, ambako ardhi imepasuka sijui mara ya ngapi. Septemba ukawa Hawaii, Kilauea inarusha moto juu kama maghorofa ya Nairobi. Picha ni nzuri, sikatai. Wendy alienda kuzichapisha na Mama amezitundika zote ukutani, wageni wakija anawaonyesha.

Halafu Novemba ikalipuka ile Hayli Gubbi ya Ethiopia, iliyokuwa imenyamaza maelfu ya miaka. Ukafika Addis Ababa. Addis Ababa, Maundu! Kutoka hapo hadi Nairobi si ni saa mbili tu kwa ndege? Mama alipika muthokoi sufuria nzima, akanifanya nifue mashuka ya chumba chako. Ukatuma picha ya majivu, ukarudi Ulaya. Haki ya Mungu, nilikasirika mpaka nikashindwa kulia.

Sasa nisikilize. Bartholomew ana kazi kwingine kuanzia Februari, na hatarudi huku karibuni. Mama naye, na mkono huo, juzi nilimkuta akitafuta mtungi mdogo. Basi Alhamisi nilisimama nje na simu sikioni, nikaongea peke yangu kwa sauti, kisha nikamwambia umepiga. Nikasema umeagiza tuchimbe bondeni, chini ya boma la zamani la ng'ombe, penye mkuyu.

Aliyepachagua ni mimi. Majani ya hapo hukaa mabichi hata Septemba, na nimechunga mbuzi hapo tangu nikiwa msichana. Mama alipiga vigelegele, mkono mbaya umefungwa kitambaa. "Si nilikuambia?" akasema. "Mwanangu anajua mawe."

Mimi nikaingia jikoni.

Kazi inaanza Jumatatu. Barua hii ikikufikia watakuwa wameenda chini sana. Mama akikupigia, tafadhali ushike simu, na usinikane. Sema ndiyo, bondeni, penye mkuyu. Maji yakitoka, sifa ni zako, mimi nimezoea. Yasipotoka, lawama pia ni zako, nawe uanze kuzoea.

Mama anakusalimu sana. Wendy anakusalimu. Bartholomew anauliza kama lava ya huko nayo ikipoa huwa ngumu hivi, au ni yetu tu.

Mungu akukinge huko juu, akurudishe ukiwa mzima. Usiusogelee sana huo moto. Mama ana watoto wawili, na yeye humsikiza mmoja tu.

Dada yako akupendaye, hata na hasira hizi,

Kaluki