Pua ya Mnunuzi wa Mahindi

Kitale, Jumanne

Bado naona aibu. Mimi, ambaye wanunuzi wenzangu huniita ninuse magunia kabla hawajakubaliana bei, nimempelekea mama yangu mahindi yenye kuvu.

Jumapili nililifikisha gunia mwenyewe kwake Mabanga. Nikalifungua mbele yake, nikachota kiganja kimoja, nikanusa kama kawaida, nikamwambia ni safi. Leo asubuhi mke wangu akafungua lile lingine tulilobaki nalo hapa, akaruka nyuma.

"Baba Nekesa, si haya yameoza! Kwani husikii harufu?"

Nikaingiza uso mzima ndani ya gunia. Hakuna kitu. Vumbi tu.

Nikampigia mama haraka asije akayasaga. Akanijibu polepole, "Nilisikia harufu ulipofungua, mwanangu. Nikadhani umeniletea ya kuku, nikashukuru."

Akashukuru.

Ni hizi sigara. Daktari alinionya kuhusu mapafu, sikujali, maana mapafu siyaoni. Hii pua ndiyo jembe langu na nimeliunguza mwenyewe.

Jioni nikampakata Nekesa. Mke wangu akimaliza kumwogesha humnusa utosini, anafumba macho, anacheka peke yake. Nami nikamnusa palepale.

Pakiti nimeitupa chooni, lakini mkono bado unaipapasa mfukoni. Sijui kama pua hurudi.

Mtoto ana miezi minne. Nambeba kila siku, na sijui ananukiaje.