Kofia Yangu Ilisalimika

Jumanne jioni, Kismayo

Mbavu zinauma nikicheka, basi leo sicheki.

Jana nilitangaza redioni kwamba sokoni wanauza samaki waliooza. Asubuhi nimerudi huko na kinasa sauti changu, wachuuzi wakanizunguka. "Ndiye huyu!" Nimekula ngumi, mateke, hata mkia wa nguru. Kwa kitambi hiki ningekimbilia wapi?

Askari wawili walisimama hatua kumi tu, na bunduki zao, wakitazama mpaka watu walipochoka kunipiga. Kisha mmoja akaniinua, akanipa kofia yangu. Alikuwa ameipangusa vumbi.

"Ami, kofia yako hii. Niliiokota isikanyagwe."

"Na mimi je, mwanangu?"

Akainamisha kichwa. "Hatukupewa amri."

Nami nikamshukuru, mjinga mimi!

Nilipokwenda kushtaki kituoni kwao, mkubwa wao hakuandika lolote. Alisema tu, "Usiende tena sokoni, utakuwa salama."

Kesho zamu ya sokoni ni ya Mwanaesha, binti wa dada yangu, aliyeanza kazi ya utangazaji mwezi huu. Nimemsihi asiende. Akanicheka.

"Mjomba, kwani askari hawapo?"

Wapo. Nikaitazama kofia mapajani mwangu. Haina hata doa.