Volti kumi ya kweli iko wapi?

Siku ya posho, kesho ni misa, saa kumi ya mangaribi. Mvula inapiga malata tangu midi ya muchana, na minye niko mu nyumba sawa panya mu kopo.

Mu Likasi hii hakuna muntu anajua umeme kunipita. Sijisifu. Nilifanya miaka makumi tatu ku atelier, karakana ya kampuni, kule Panda, mu chumba ya bipimo. Masomo yangu iliisha ku primaire, lakini baenjinia balikuwa banakuya na makaratasi yabo kuniuliza. Na leo, fundi wa mutaa wa Kikula akiona voltimetre yake inamutia mashaka, anailetaka kwangu. Naiweka pembeni ya yangu, nageuza kaskrubu kadogo ya ndani mpaka zote mbili zinasema moja. Yangu minye, Papa Donati, njo sheria.

Lakini yangu, nani aliipima?

Ku atelier tulikuwa na chupa ya dawa mu sanduku, ilikuwa inatoa volti moja na kidogo, ile ile kila mwaka. Njo ilikuwa mukubwa wa bipimo yote. Atelier ilifungwa, chupa sijui ilienda wapi. Tangu pale voltimetre yangu haijasalimia mukubwa.

Basi nilituma muchuruzi aniletee ku Lubumbashi kadude ka miguu tatu, kadogo sawa mbegu ya mahindi, kanatoa volti kumi barabara. Zile za laboratoire, muntu atauzisha nyumba. Hii ni bei ya bukari na samaki.

Nikaipima na yangu: 9,57. Nikacheka. Ya uongo! Nikaagiza ingine, kwa muchuruzi mwingine, ya fabriki ingine.

9,57.

Lelo asubui nikapeleka zote mbili Kikula, ku meza ya Kalenga, fundi wa telefone. Tukapima na voltimetre yake, na ya jirani yake, na ya fundi wa tatu. Zote 9,57. Nikapiga meza: "Bashahidi tatu! Unaona, Kalenga?"

Kalenga akafuta mikono pole pole. "Papa, hizi zote nani alizigeuzaka skrubu?"

"Minye."

"Basi haiko bashahidi. Ni batoto yako. Mutoto anaitikaka vile baba anasema. Hii midude mbili haijuane, kila moja na mama yake, na zinasema kintu moja."

Bantu balicheka. Mumoja asema: "Eh, muzee, lelo umepata mukubwa!" Nilikamata mwavuli, nikaenda bila kuaga.

Yangu inasema kidogo kuliko kweli. Njo vile.

Na Mama Godelive? Ni mujane wa kwaya yetu, anauzisha maji ya baridi, frigo yake inatembea na batri ya soleil, ya jua. Minye njo niliweka kipimo ya kuchaji: 14,4 ku voltimetre yangu, vile inafaa. Kumbe batri ilikuwa inapata 15. Ilichemka mpaka maji ya ndani ikaisha, ikakufa. Minye nikamuambia, inje ya kanisa, mbele ya bantu, kwamba balimuuzishia batri ya uongo. Akaenda kumutukana mwenye kuuzisha. Sasa amenunua ingine. Kesho misa ikiisha ananingojea niiunge.

Nimeshageuza skrubu ya yangu. Dakika moja tu. Naweza kuweka batri ya Mama Godelive vizuri, kimya, na hatajua.

Lakini zile batri zingine za Kikula, zilipimwa na voltimetre nilizigeuza minye, zitachemka tena mvula ikiisha na jua ikitoka. Nikinyamaza, zitakufa moja moja. Nikisema, jina yangu njo itakufa. Huku ukuta, huku ukuta.

Nilijaribu mbele ya kioo: "Mama Godelive, batri yako ilikuwa muzuri." Ilitoka na sauti kidogo, sawa ya muntu mugonjwa.

Kesho nitaisema inje ya kanisa, mbele ya bantu bale bale. Uongo niliisema pale na sauti kubwa, bila kujaribu hata mara moja. Kwa nini kweli inataka niijaribu mbele ya kioo?