Kura Tano za Spéciose

Lyse, uko? Tumpe wa ghorofa ya chini anadai Spéciose ametuuza. Eti kura zake zote tano kawapa wale wengine!

Si kweli. Yaani ni kweli, mwenyewe katukiria, lakini sivyo anavyosema Tumpe.

Unaujua uchaguzi wa kamati ya jengo letu: viti vitano, kila mwenye nyumba kura tano, na ukitaka unamrundikia mtu mmoja zote. Sisi nyumba tatu, yangu, ya Tumpe na yake mwenyewe, tulikubaliana zote ziende kwa Spéciose, aingie akaisemee lifti. Imekufa tangu lokdauni ianze, na baba yake, Mzee Aloys, yuko ghorofa ya nne na kiti chake cha magurudumu.

Leo kwenye Zoom akaona haya. Kujipigia mwenyewe! Akawagawia wagombea wengine watano, moja moja. Kashindwa kwa kura mbili.

Mbili, Lyse!

"Ningejipaje mwenyewe, watu wananiangalia?" analia. Nikamwambia, "Dada, kura ilikuwa ya siri."

Kamati mpya imeshasema: lifti mwakani.

Mzee kasikia yote. Hakufoka. Kamshika bintiye mkono: "Mwanangu, nishushe basi nikaone jua."

Spéciose anazitazama ngazi tu.