Spoki za Semeni

Chumbageni, Tanga
6 Juni 1956

Kwa mpwa wangu Mwanasiti, Mwera.

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka. Natumai kikohozi kimekuachia na mihogo imeshika vizuri. Mimi kifua kimenishinda. Natoka kitandani kwa kushikwa mkono, na anayenishika ni mwanao asiyeona, uliyeniletea nimtafutie shule.

Semeni hajambo. Tangu nishindwe kupanda baiskeli, ameipindua barazani magurudumu juu, anapiga spoki kwa kidole. Aligundua kwamba spoki ikikazwa sauti hupanda, ikilegezwa hushuka, akaazima ufunguo kwa Idarusi, fundi wa baiskeli jirani yetu. Idarusi alipoona gurudumu limekwenda upogo aliniuliza kama nimestaafu kusomesha watoto ili nifundishe kuua baiskeli. Semeni akamjibu kuwa haijafa, imeacha kutembea tu, kama babu. Nilicheka hadi pumzi ikanikatika.

Asubuhi moja alipiga kitu kifupi, akarudia, akageuza mwisho wake. Nikamuuliza ni wimbo wa nani. Akasema ni wewe mama yake, unavyoingia uani na ndoo mbili, moja inavuja. Na kweli nilikusikia, Mwanasiti. Nimesomesha miaka thelathini, na sijui kitu kile kiitweje, wala mtoto amekitoa wapi.

Sasa nikiri. Ile barua ya shule ya misheni ya wasioona huko bara, ulipokuja Februari, nilikusomea kwamba hawachukui wasichana. Haikusema hivyo. Ilisema wamempokea. Ukalia, ukanishukuru kwa kuhangaika, nami nikazipokea shukrani. Kwa nini, sijui. Nilijiambia ni kwa ajili ya dini yake, na wao waliandika wazi kwamba hataguswa dini. Nikajiambia ni mdogo, naye ana miaka kumi. Labda niliogopa nyumba itakavyonyamaza. Hilo nalo leo nalisadiki, kesho silisadiki.

Nimewaandikia tena. Nafasi ipo hadi mwisho wa mwezi huu, ila mzazi amfikishe mwenyewe. Jana nilimweleza Semeni yote. Tangu hapo hajagusa spoki.

Njoo Alhamisi ya wiki ijayo umchukue. Usingoje nife, wala usianze na kunisamehe. Na ukishasomewa barua hii, mpe mtu wa pili akusomee tena, mtu asiyenijua.

Wasalimu majirani wote wa huko, na uniombee dua.

Mjomba wako,
Jumbe bin Uweso