Jiko Lina Mwenyewe

Shangazi yangu mpendwa,

Tangu tulipokuzika migombani kwako Muleba sijakuandikia, na leo nakuandikia kwa hasira. Kamati ya maonyesho hapa Bukoba imeniagiza niandike kijitabu kuhusu jiko lako la kuni mbili, kwa sharti moja: jina lako lisiwemo. Niandike kwamba limebuniwa na kijiji.

Kijiji! Kijiji kilikuwa wapi ulipoungua viganja?

Nakumbuka likizo ile niliyokuja kutoka shuleni Nshambya na vitabu vyangu vya siasa. Ulikuwa umeshabuni kibao cha kumenyea ndizi, ambacho majirani wote walikuwa wamekiiga, na chujio la rubisi, pombe yetu ya ndizi, lisiloziba. Sasa ulitaka jiko lisilowaliza wapishi. Ulikata shina la mgomba, ukachonga humo jiko zima kwa kisu cha jikoni. Shina bichi halishiki moto upesi, kwa hiyo tuliwasha vijiti ndani yake tukatazama moshi unakoelekea. Siku ya tatu likaanza kuoza. Ukalitupa shambani, ukachonga jingine.

“Msomi, acha kuhubiri. Shika hapa.”

Nikashika. Nadhani tulichonga tisa. Umbo la tisa ndilo ulilolifinyanga kwa udongo, na jirani yako Mama Regina akaja kulijaribu. Alipoinuka alisema, “Mume wangu atadai sijapika. Macho hayajawa mekundu!”

Kisha akaja yule afisa wa maendeleo kutoka mjini na daftari lake.

“Mama, michoro iko wapi?”

“Imeoza, mwanangu. Ile migomba pale ndiyo inayoila.”

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Aliandika kwamba jiko halina mbunifu, maana kwake asiyechora kwenye karatasi hajafikiri. Akalipima, akalichora mwenyewe, na mchoro wake ndio uliofika mjini.

Nilitaka kumkabili palepale. Ulinizuia: “Liache. Watu wanapika, basi.” Nikanyamaza, na ukimya ule unanichoma mpaka leo.

Juzi mwenyekiti wa kamati aliniuliza, “Ndugu mwalimu, wewe si mjamaa? Mambo ya mtu mmoja mmoja tulishayaacha.” Nilimjibu kwamba ujamaa nauamini kuliko yeye. Jiko ni la wote, na wewe ndiye uliyelifanya la wote: kila aliyekuja ulimfundisha kulifinyanga, hata wale waliokusema vibaya. Lakini kumfuta mkulima ili karatasi ya afisa ing'are ni unyonyaji, hata ukifanywa katikati ya nyimbo na makofi.

Akasema jina lisipoondoka kijitabu hakichapwi. Akaongeza, kwa upole mbaya, kwamba kisiwani Goziba wanahitaji mwalimu.

“Goziba nako wanapika,” nikamwambia.

Najua ungenivuta shati ninyamaze. Nikasirikie ukipenda, Shangazi. Nilikutii mara moja, na kutii kwangu ndiko kulikowapa nafasi ya kukufuta. Safari hii sikutii. Asubuhi nimempelekea mwenyekiti kijitabu chote, nimekipiga taipu mwenyewe, na sentensi yake ya kwanza ndiyo hii:

“Jiko hili lilibuniwa na Kokugonza, mkulima wa Muleba.”

Wakitaka nyingine, watafute mwandishi mwingine.

Pumzika wewe. Kelele niachie mimi.

Mtoto wa kaka yako