Kikombe Alichokunywa Kinyozi

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumai goti lako limetulia na baba naye hajambo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ama uzima wa akili, ambao ndio unauzungukazunguka kila ukipiga simu, jibu ni kwamba dawa zangu nameza mwenyewe kila jioni na daktari ameridhika nami. Simu zako tangu juzi sizipokei kwa sababu nimechefukwa, si kwa sababu naumwa.

Unajua mume wangu alinioa akijua yote. Mawifi mpaka leo wanamwita malaika, utadhani kaoa kidonda. Ptuu! Mwenyewe jina hilo halipendi. Tulikubaliana jambo moja tu: nikikasirika, asiniulize kama nimemeza dawa. Hasira ni hasira. Akichelewa bila kuniambia nitafoka, kama jirani yangu anavyomfokea wake, na hakuna anayemkimbiza yule hospitali. Tumeishi vizuri hivyo, tukigombana na kupatana kama watu wengine.

Kisha ukaja kututembelea, nikakukuta uani ukimsimulia mama mwenye nyumba jinsi nilivyotoka nje bila nguo siku nilipougua. Nilipiga kelele, ndiyo, na sufuria nikaitupa. Nani asingetupa? Ukaondoka kesho yake unalia, nami nikadhani yamekwisha.

Baada ya hapo nikaanza kusinzia hovyo. Nilisinzia kwenye cherehani nikashona mikono yote miwili ya shati upande mmoja, wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi hakucheka. Alisema nikirudia nitafute kazi kwingine. Nikamlilia mume wangu kwamba ugonjwa umerudi, naye akanibembeleza ninywe uji nipate nguvu. Tangu lini kinyozi kama yeye akaamka mapema kupika uji? Nami mjinga nikajiona nadekezwa.

Juzi sukari iliisha, uji ukaja mtupu. Nilionja nikatema, nikasema ni mchungu. Akasema ni unga tu. Nikamwambia kama ni unga, basi anywe yeye. Lo! Mwanamume yule kwa ubishi aliupiga kikombe kizima mbele yangu, akapangusa midomo, akaenda zake kazini. Haikufika saa sita, muuza duka aliye jirani na kibanda chake cha kunyolea akaja kuniita. Mume wangu alikuwa amelala kwenye kiti cha wateja, anakoroma, na mteja amesimama pembeni kanyolewa nusu kichwa, anatukana. Tulimbeba kama gunia.

Alipoamka alisema yote. Kwamba ulimwachia vidonge vyangu vya zamani, ukamwambia ile sufuria ni dalili, avisage kwenye uji na mimi nisijue. Alinipigia magoti. Nilimtazama nikaona kinyaa, mkono wake sikutaka unishike. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Lakini jana tulikwenda kwa daktari na akayasema mwenyewe, mbele yangu, bila kujitetea. Alimfuata pia msimamizi wangu akamweleza kwamba kosa ni lake. Naona tutapatana, taratibu.

Wewe ndiye sijui nikufanyeje. Ule uchungu niliutambua mara tu ulipogusa ulimi. Kabla sijaolewa, nilipokataa dawa, nawe ukawatangazia watu kanisani kwamba nimepona kwa maombi yako, uji wako wa asubuhi ulikuwa na ladha ile ile. Nilikuuliza, ukaniambia ni unga. Hata uongo wenyewe ulimkabidhi mume wangu kama ulivyo. Nilipona, sikatai. Ila miaka ile yote nilimshukuru Mungu kwa jambo ulilokuwa ukinitendea kwa kijiko, na wewe ulisimama kando yangu ukiitikia amina.

Usije kwanza. Nisalimie baba, mwambie nampenda, na kama naye alijua, usinifiche.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira, na mwenye akili timamu.